Chambo Cheusi cha Karwirwa

Kila Jumamosi, Nelius alipomaliza kufua sare yake na kuianika uani, alichukua ufito wake wa kuvulia nyuma ya mlango akamfuata mama yake mtoni. Mama yake, Teresia, alikuwa na kibali cha kuvua samaki aina ya trauti katika Mto Rupingazi, juu kidogo ya mji mdogo wa Manyatta. Tena alijua kutengeneza chambo bandia kwa manyoya ya kuku na uzi. Tangu Nelius alipofikisha miaka tisa walikuwa wakienda wawili tu. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na walikuwa watatu.

Wa tatu alikuwa Karwirwa, binti wa mjomba wake, aliyehamia kwao kutoka Mikinduri mwanzoni mwa muhula. Karwirwa hakuwahi kushika ndoana maishani mwake. Lakini Jumamosi ya kwanza, kabla ya kutupa uzi majini, aliinama akapindua mawe ya ukingoni.

"Shangazi, hapa chini kuna wadudu wadogo weusi. Samaki si ndio wanakula hawa?"

"Ndio hao!" Teresia alicheka kwa furaha. Akafungua kopo lake, akampa chambo cheusi cha manyoya, kidogo kama mbegu ya papai.

Siku hiyo Karwirwa alivua trauti watatu. Nelius, na chambo chake chekundu cha bati kilichong'aa, hakupata hata mmoja.

"Leo nimepata mvuvi," Teresia alisema njiani. "Hicho chambo ni chako sasa, Karwirwa."

Mvuvi! Jina hilo lilikuwa la Nelius. Samaki walipopakuliwa, alisema tumbo linamuuma. Wiki nzima kila alichofanya Karwirwa kilimkera: alivyocheka, alivyoita "shangazi", hata alivyokunja blanketi lake. Ijumaa, Karwirwa alipokwenda kuteka maji, Nelius alifungua mkebe wa mwenzake, akatoa kile chambo cheusi na kukificha mfukoni mwa sweta.

Asubuhi Karwirwa alikitafuta chini ya kitanda, akakitafuta ndani ya viatu.

"Labda ulikiangusha mtoni," Nelius alisema bila kumtazama.

"Karwirwa, chambo kimoja hunichukua saa nzima kukifunga," Teresia akamkaripia. "Ukipewa kitu, kitunze."

Karwirwa aliinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Nelius alidhani angefurahi. Hakufurahi, lakini hakukitoa mfukoni.

Mvua ilikuwa imenyesha, na mto ulikuwa na rangi ya udongo. Nelius alijitenga nyuma ya mianzi, akafunga chambo cheusi na kurusha. Alirusha mara kumi, mara ishirini. Wapi! Mara akasikia sauti kutoka upande wa chini wa mto: "Shangazi, nimempata! Ni mkubwa!"

Moyo wa Nelius uliwaka. Alirusha tena kwa hasira, na chambo kikanasa kwenye mzizi. Akakivuta kwa nguvu zake zote. Kilichomoka ghafla, na ndoana ikamchoma kiganjani. Akapiga yowe.

Karwirwa ndiye aliyefika kwanza. Aliiona damu, kisha akakiona chambo. Alikata uzi kwa meno, akavua kitambaa chake cha kichwa akaufunga ule mkono kuzunguka chambo.

"Nelius, hicho chambo umekitoa wapi?" Teresia aliuliza alipofika akihema.

Karwirwa alitazama maji. Angeweza kujibu, lakini alimwachia Nelius.

"Nilikiiba, mama," Nelius akasema, akilia.

Katika zahanati, muuguzi alitoa ndoana na kumdunga sindano ya kuzuia pepopunda. Baadaye wote watatu walikaa kwenye benchi nje.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ulimwita mvuvi. Mimi hujaniita hivyo tena." Kisha akamgeukia Karwirwa. "Nisamehe."

"Chambo si kitu," Karwirwa alisema polepole. "Lakini ulinifanya nionekane mzembe mbele ya shangazi. Hilo ndilo lililoniuma." Akautazama mkono wa Nelius. "Nimekusamehe. Mkono ukipona, nifundishe kurusha mbali kama wewe."

"Na mimi nisamehe, Karwirwa," Teresia alisema. "Nilikukaripia bila kuuliza."

Kisha akaushika mkono wa Nelius uliofungwa bendeji.

"Leo maji yalikuwa machafu. Samaki hawezi kuona chambo kidogo cheusi. Karwirwa amevua kwa chambo chekundu kinachong'aa nilichompa, sawa na kile chako ulichokiacha nyumbani. Mvuvi huchagua chambo kwa kuuangalia mto, Nelius. Wewe, kwa sababu ya wivu, wiki nzima umemwangalia mwenzako. Ukamwibia, ukasema uongo, ukajiumiza, na mto wenyewe hukuutazama hata mara moja."