Kibao Mlangoni kwa Bwana Radić

Winta alikuwa akiamka saa kumi na mbili kasorobo. Jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kunawa uso, lilikuwa kufungua mlango wao na kutazama kishikio upande wa nje. Kibao kikiwepo, alishusha pumzi akatafuta viatu vya mpira. Kisipokuwepo, alirudi kitandani nusu saa nzima.

Kibao chenyewe ni kipande cha mbao kisichozidi kiganja cha mtu mzima, chenye kamba na picha ya ufagio iliyofifia. Katika nyumba yetu hapa Göppingen, Ujerumani, kina nguvu kuliko meya. Kikining'inia mlangoni kwako, wiki hiyo ni yako. Utafagia ngazi, utaziosha, na majira ya baridi utaondoa theluji mbele ya nyumba na kumwaga changarawe kabla ya saa moja asubuhi. Ukishaosha ngazi mwisho wa wiki, unabisha kwa jirani anayefuata, anafungua, unamkabidhi kibao mkononi, naye anasema sawa. Hatuna orodha ukutani. Mimi nimeishi ghorofa ya juu kabisa miaka kumi na minane, na nimeona watu wakigombana kwa mengi humu ndani, lakini kibao hakuna aliyekichezea.

Winta alikuwa na miaka kumi na miwili. Yeye na mama yake, Abrehet, walitoka Eritrea na walikuwa nasi mwaka wa tatu. Waliishi ghorofa ya kwanza. Mkabala nao aliishi Bwana Radić, mjane kutoka Serbia anayefanya kazi zamu ya usiku kiwandani, isipokuwa wiki yenye kibao ambayo huomba zamu ya mchana, na pembeni yao Bibi Häberle, mwenyeji wa hapa hapa, miaka themanini na mmoja.

Bibi Häberle ndiye aliyewafunza wageni hawa kuishi nasi. Chupa hazitupwi Jumapili, maana kelele zake zinafika kanisani. Katoni hukunjwa kabla ya kutupwa. Ukikutana na mtu kwenye ngazi, msalimie hata kama jana mligombana.

"Mara ya kwanza nakufundisha," alimwambia Winta. "Mara ya pili nakukumbusha. Mara ya tatu nitajua umekusudia."

Winta hakuwahi kufika mara ya tatu. Mama yake aliondoka saa kumi alfajiri kwenda kiwanda cha mikate, kwa hiyo theluji ya wiki yao ilimwangukia yeye, naye aliifagia mpaka mawe ya njia yakaonekana. Bibi alimsifu mbele ya sisi wazee wavivu. "Mnaona? Wiki ya hawa nalala mpaka mchana unaniaibisha."

Januari ile theluji ilishuka siku nne mfululizo katika wiki ya kina Winta. Siku ya Alhamisi, Winta akiwa ameinama na beleshi, basi la shule lilisimama kituoni ng'ambo ya barabara. Jannik wa darasani kwao alifungua dirisha.

"Jamani, manispaa imeajiri watoto."

"Winta, ukimaliza hapo pitia na kwetu," mwingine akadakia. "Usisahau ufagio wako."

Basi zima lilicheka. Winta aliendelea kufagia huku masikio yakimwaka moto, na siku ile shuleni hakunyoosha mkono hata mara moja.

Ijumaa akasikia kwamba timu ya mpira wa mikono ya darasa lao ingekusanyika kwenye kituo kile kile kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jannik alikuwa nahodha.

Jioni redio ilitangaza mvua ya baridi, ile inayoganda ikigusa ardhi.

"Kesho saa kumi na mbili uwe nje," Abrehet alisema akifunga kitambaa chake cha kazi kwenye mfuko. "Na changarawe usiibanie."

"Kwa nini kila siku ni sisi, Mama?"

"Kibao kiko wapi?"

"Kwetu."

"Basi umejijibu mwenyewe."

Saa mbili usiku, mama yake akiwa amekwisha kulala, Winta alisikia mlango wa Bwana Radić ukifungwa na viatu vyake vizito vikishuka ngazi kwenda kazini. Alisubiri mpaka mlango wa chini ulipogonga. Kisha alitoka na soksi, akakitoa kibao kwenye kishikio chao, akakitundika kwenye cha Bwana Radić. Ngazi alikuwa hajaziosha. Hakubisha, maana hakukuwa na mtu wa kufungua. Alijiambia kwamba kibao kikiwa kule, kazi si yake tena. Akalala.

Mimi ndiye niliyesikia ndoo ikibiringika. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini. Niliteremka nikishikilia ukuta, na nje nilimkuta Bibi Häberle amelala ubavu juu ya njia inayong'aa, changarawe yote imemwagika mahali pamoja. Hakulia. Aliniambia nisimwinue, nimfunike tu. Timu ya kina Jannik ilisimama ng'ambo, kofia mkononi. Winta alikuwa dirishani. Mengi ninayoyasimulia hapa aliniambia yeye baadaye.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Gari la wagonjwa lilipoondoka, tuliobaki tulipanda ngazi na tukakiona kibao kwenye mlango wa Bwana Radić. Hapo hasira zetu zikapata pa kukaa. Bibi wa miaka themanini na mmoja ametoka na ndoo kumfanyia kazi mwanamume mzima. Majira ya baridi yaliyotangulia, mkewe alipofariki, Bwana Radić aliwahi kusahau wiki yake mara mbili, na mwenye nyumba alimwandikia barua ya onyo mara zote mbili. Mimi ninayesimulia ndiye niliyesema kwa sauti, "Mtu huyu hajali." Naona aibu kuliandika, lakini nililisema.

Alirudi kutoka kazini saa mbili asubuhi, macho mekundu kwa usingizi, akatukuta mlangoni pake.

"Kibao hiki sikukipokea," alisema. "Nilipotoka hakikuwepo."

Mwenye nyumba alikuwa amekwisha fika. Alimgeukia Winta, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yake. Abrehet alikuwa ametoka kiwandani mbio, unga bado uko kwenye mikono.

"Wewe ulimkabidhi?"

"Ndiyo," Winta alisema. "Jana jioni. Nilibisha, akafungua, nikampa."

"Yeye akasemaje?"

"Akasema sawa."

Bwana Radić alifungua mlango wake, akaingia, akaufunga taratibu. Hata yule mama mtu hakuuliza zaidi, kwa sababu mtoto wake hakuwa na historia ya uongo. Siku ya Jumatano barua ilifika. Bwana Radić alitakiwa ahame kabla ya Machi kuisha. Katika nyumba ile alikuwa ameishi miaka ishirini, na mkewe alifia humo.

Waswahili tunasema njia ya mwongo ni fupi. Kwa Winta ilikuwa ndefu kama mwaka. Kila akipita pale mlangoni alisikia gazeti likichakacha, na siku moja mlango ukiwa wazi aliona sababu. Bwana Radić alikuwa amepiga magoti sakafuni, akifunga sahani za mkewe moja moja kwenye karatasi na kuzipanga katika maboksi. Winta akaacha kula chakula cha jioni. Mama yake alidhani ni huzuni ya Bibi.

Jumapili iliyofuata walikwenda hospitali na mkate wa himbasha, ambao Bibi Häberle aliupenda japo hakuwahi kuweza kulitamka jina lake. Alikuwa mdogo sana kwenye kitanda kile.

"Umekonda, wewe," alimwambia Winta. "Shuleni wanawapa nini?" Kisha akamgeukia Abrehet. "Wananiambia mguu huu hautapanda ngazi tena. Mtoto wa kaka yangu ameshanitafutia chumba kwenye nyumba ya wazee. Kina dirisha, lakini linatazama maegesho ya magari."

Abrehet alimshika mkono. "Utarudi, Bibi."

"Usinidanganye, mama. Sijazoea kudanganywa na ninyi." Alitulia apate pumzi. "Mnajua, asubuhi ile nilifungua mlango nichungulie, kama kawaida yangu. Nikaona kibao kwa Radić. Na Radić nilikuwa nimemsikia jana yake akishuka kwenda kazini. Nikajisemea, mlango ule hauna mtu, na saa moja watu watapita. Ndiyo nikachukua ndoo. Kingekuwa kwenu, ningerudi kulala. Ninyi nawaamini."

Winta alitazama viatu vyake.

"Sikumkabidhi," alisema.

"Unasema nini?" mama yake akauliza.

"Hakuwepo, Mama. Nilisubiri ashuke, halafu nikakitundika. Sikubisha. Sikutaka kina Jannik wanione na ufagio." Machozi yalimshuka hadi kwenye kola. "Bibi, ni mimi."

Abrehet alifunika mdomo kwa mkono. Bibi Häberle aligeuza uso ukutani. Aliposema, sauti yake haikuwa na ukali aliouzoea Winta, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Nendeni. Mguu wangu umekwisha, hapa hamna la kufanya. Radić bado ana nyumba ya kuokoa."

Walipofika ghorofa ya kwanza Abrehet alimwachia Winta mkono, akasimama nyuma hatua mbili. Winta alibisha kwa Bwana Radić. Alisubiri, akasikia mtu akiinuka sakafuni, na mlango ukafunguliwa. Alisema yote pale pale kizingitini, bila kuruka kitu. Bwana Radić alimsikiliza akiwa na sahani mkononi.

"Rudia hayo mbele ya mwenye nyumba," alisema, "na mbele ya watu wote. Walinihukumu kwenye ngazi, nataka wasikie kwenye ngazi."

Jumatatu jioni tulisimama kwenye ngazi, mwenye nyumba chini, sisi wengine kwenye vidato. Winta alirudia, mama yake akiwa pembeni bila kumsaidia hata neno. Mwenye nyumba aliichana ile barua na kumwomba Bwana Radić radhi. Mimi nami niliteremka baadaye kumwomba radhi. Alinijibu kwa upole ambao sikuustahili. "Miaka kumi na minane umenisalimia kila siku. Ilikutosha asubuhi moja kunihukumu."

Bibi Häberle hakurudi. Februari ndugu zake walikuja na gari, wakabeba kabati, redio na vyungu vya maua, na mtu akabandua jina lake karibu na kengele. Palibaki alama nyeupe ya mstatili. Kila Jumapili Winta humtembelea kule kwenye nyumba ya wazee. Mara mbili za kwanza Bibi alikataa kumwona. Ya tatu alimruhusu aketi, na alimkosoa namna alivyofunga skafu yake, na Winta alifurahi kukosolewa.

Wiki ya Bibi, Winta aliiomba mwenyewe. Akaifagia kabla ya yake, wiki mbili mfululizo, mchana kweupe, basi la shule likipita. Jannik alimwona na hakufungua dirisha. Jumamosi ya mwisho aliosha ngazi kuanzia juu kwangu mpaka chini, akakausha mikono, akachukua kibao na kubisha kwa Bwana Radić.

Alipofungua, hakukipokea mara moja.

"Winta, kulala mtu hulala," alisema. "Hata mimi nimewahi kulala wiki yangu ikapita. Ungeacha kufagia, wangekuita mvivu, na uvivu unatibika kwa kuamka. Lakini wewe ulichukua uvivu wako ukautundika mlangoni kwa mtu mwingine. Humu ndani hatuna lugha moja wala dini moja. Tunachoshika pamoja ni neno la jirani anayebisha. Likiwa la uongo, kila mtu atajifungia kwake, na siku ukianguka kwenye barafu hakuna atakayetoka. Yule bibi alitoka. Usisahau kwamba alitoka."

"Sitasahau, Bwana Radić."

"Umeosha ngazi?"

"Nimeosha."

Alichungulia ngazi, akaona bado zina unyevu. Ndipo akanyoosha mkono, akapokea kibao na kukitundika mwenyewe kwenye kishikio.

"Sawa," akasema.

Winta alibaki amesimama pale hata baada ya mlango kufungwa. Lilikuwa neno lile lile ambalo aliwahi kudai kwamba amelisikia.