Banda Lililonyamaza

Jambo la kwanza lililomshtua Torunn lilikuwa ukimya. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akipeleka lori la maziwa kwenye shamba la shemeji yake Eilert, kila baada ya siku moja, na ng'ombe walikuwa wakianza kulia mara tu wanaposikia injini. Asubuhi hiyo ya Januari hakulia hata mmoja.

Aliunganisha mpira kwenye tangi. Maziwa yaliyotoka hayakufika robo ya kawaida.

"Wamepumzika," Eilert alisema. Alikuwa ameegemea mlango wa banda kwa mgongo, kama mtu anayezuia usifunguliwe. Ndevu zake zilikuwa hazijaguswa tangu alipomzika mkewe, majani yalipoanza kupukutika. "Wengine wana mimba."

"Wote kumi na wanne, shemeji?"

"Nenda, Torunn. Barabara itaganda."

Kupitia dirisha dogo aliona ng'ombe mmoja tu, tena nusu yake: mavi makavu yamemgandia mapajani kama gamba, mifupa ya nyonga imechomoza, kwato zimerefuka hadi zikajikunja. Torunn alizaliwa kwa wafugaji. Alijua alichokiona. Akapanda lori, akaondoka.

Kabla hajafika darajani akasikia kitu nyuma ya kiti chake kikilamba. Ulimi mkavu, juu ya chuma. Akasimama, akageuka. Hapakuwa na kitu, ila joto la pumzi ya ng'ombe na harufu chungu ya tumbo tupu.

Sauti ile ikamfuata nyumbani. Ililamba sinki alipokuwa akiosha vyombo. Ililamba mlango wa friji mchana kweupe, jua likiwaka juu ya theluji. Alipopeleka kijiko mdomoni ilinyamaza, kana kwamba kuna anayemtazama akitafuna. Mara nne tena alipita kwa Eilert, na mara zote nne Eilert alimpungia mkono aende zake, kwamba hakuna maziwa leo. Naye akaenda.

Siku ya tisa akamwita wifi yake Gunvor, dada yake Eilert. Walikuwa jikoni wakinywa kahawa sauti ilipoanza. Gunvor akaweka kikombe chini polepole.

"Umeona nini kule?" akanong'ona.

Torunn akamweleza.

"Basi ni nisse. Jini wa banda. Bibi alikuwa akimwekea uji wenye siagi kila Krismasi. Kimo chake ni cha mtoto wa miaka mitano, na mifugo ndio wanawe."

"Mbona aje kwangu? Mwenye kosa si Eilert?"

"Wewe ndiye uliyeona."

"Basi nipige simu ofisi ya mifugo."

Gunvor akamshika mkono. "Usithubutu, wifi. Watamnyang'anya wale ng'ombe, na hana kingine. Kaka yangu mmoja, mume wako, nimeshamzika. Unataka nimzike na huyu? Mpe uji huyo jini, atatulia."

Gunvor alipoondoka, Torunn akapika uji, akauwekea siagi, akauacha kizingitini. Baada ya saa moja akafungua mlango. Uji haukuwamo. Bakuli lilikuwa limejaa manyoya ya ng'ombe, mekundu na meupe, yamenyofoka na vipande vya ngozi, na yalikuwa bado na joto. Na alipokuwa bado ameinama pale, kulamba kukaanza upya, si nyuma ya ukuta mmoja bali kuta zote, na dari, na chini ya mbao alizokanyaga, ndimi nyingi kavu zikitafuta kitu ambacho hakikuwapo, na katikati ya ndimi hizo kulikuwa na sauti ndogo iliyolia, wala haikuwa ya hasira kama alivyotarajia, bali ya mtu aliyezunguka nyumba zote akiomba na sasa amefika ya mwisho.

Akachukua simu.

"Nataka kutoa taarifa," alisema. "Kuna ng'ombe wanakufa njaa. Mwenye shamba ni Eilert Myrvang. Ni shemeji yangu."

"Umewaona lini?" mtu wa upande wa pili akauliza.

"Siku tisa zilizopita."

Nyumba ikatulia.

Daktari wa mifugo, mama mmoja aitwaye Ragnhild, alifika mchana huohuo, na Torunn akaingia naye bandani. Tisa walikuwa wamelala wamekufa kwenye minyororo yao. Watano walikuwa wamesimama. Mbele ya hao watano, horini, kulikuwa na kuvumwani, ile kuvu kavu inayoota juu ya mawe, na nyasi kuukuu zilizochomolewa ndani ya godoro, na kwenye mavi ya sakafuni kulikuwa na nyayo ndogo, peku, zikienda na kurudi.

"Kuna mtoto hapa?" Ragnhild aliuliza.

"Hakuna."

Eilert alikuwa jikoni kwake, amevaa koti, jiko limezimika.

"Nilikuwa nalisikia lori lako," alisema. "Kila likija najiambia, leo Torunn atanisukuma aingie. Mimi nilishindwa. Nikifika mlangoni mikono inakufa."

"Ungeniambia, shemeji."

"Nilikuona ukichungulia. Nikajua umeona."

Nje, wale watano walikuwa wakipandishwa kwenye gari, hatua kwa hatua. Eilert akasogea dirishani, akainua mkono kumuaga mtu aliyekuwa nyuma ya ng'ombe wa mwisho, mtu mfupi, maana macho yake yalitazama chini. Torunn hakumwona. Aliona theluji tu ikibonyea, unyayo baada ya unyayo, hadi kwenye ubao wa kupandia.

"Anakwenda nao," Eilert alisema. "Afadhali." Kisha akasema, "Umechelewa, Torunn."

"Najua."

Torunn akapiga magoti amvue viatu, na alipoushika mguu wake ndipo akaona jinsi mfupa ulivyochomoza, na kwamba huyu naye alikuwa hajala siku nyingi.