Msumari wa Pete

Mvua ilikuwa bado inajikusanya nyuma ya vilima vya Vacaria, na Zenaide alikuwa akinywa chai chungu ya mate peke yake mlangoni mwa karakana. Masanduku yake yalikwisha kufungwa. Kesho mnunuzi angekuja kuuchukua mtambo wa kuunganishia maturubai ya malori, naye angehamia kwa dada yake, katika mji wa Lages.

Dereva Neri akaingia akiburuta turubai lililochanika.

"Dona Zenaide, nimebeba soya. Ikilowa, bosi atanipika nayo."

"Mtambo nimeshauuza."

"Umeuuza, lakini si huo hapo unanitazama?"

Zenaide akatabasamu. Tangu mazishi ya mumewe hakuwa ametabasamu. "Nenda kale. Rudi kabla ya giza."

"Nikushikie turubai upande ule wa meza?"

"Hapana."

Upande ule ulikuwa wa Olívio, marehemu mumewe.

Mtambo ule hupitisha mawimbi ya umeme ndani ya plastiki ya turubai, ikayeyuka kutoka katikati, tabaka mbili zikawa kitu kimoja. Adui yake ni chuma. Pete huunguza kidole. Kipande kikinaswa kati ya tabaka hutoa cheche na kutoboa turubai. Kwa hiyo kila asubuhi mume na mke walizitundika pete zao za ndoa kwenye msumari mmoja. Ya Olívio, iliyokuwa pana zaidi, alizikwa nayo katika udongo mwekundu. Zenaide mwenyewe ndiye aliyemvisha.

Akaitundika yake. Akalaza kiraka kirefu, akaweka mifuko ya mchanga upande wa pili ilishikilie turubai, akakanyaga pedali. Upau wa shaba ukashuka. Taa ya tyubu ukutani, isiyo na waya wowote, ikawaka yenyewe, kama ilivyowaka siku zote mawimbi ya mtambo yalipopita hewani.

Upau ukainuka. Sasa ilimpasa azunguke meza akalivute turubai.

Hakuwa amepiga hatua.

Turubai likasogea. Likanyooka. Kisha likavutwa mara mbili, taratibu.

Hiyo ilikuwa ishara yao, kwa kuwa kelele ya mtambo humeza maneno. Mivuto miwili: niko tayari.

Rundo la turubai lilikuwa limeuficha upande ule. Zenaide hakuchungulia.

"Olívio," akanong'ona.

Mara mbili tena.

Akakanyaga. Wakaenda hivyo, kipande kwa kipande, bila mkunjo hata mmoja. Mikono yake ilikuwa imetulia, na hilo ndilo lililomtisha.

Mwisho wa kiungo akasema polepole, "Kesho naondoka."

Turubai likalegea.

Akazima mtambo. Taa ya tyubu haikuzimika.

Neri aliporudi, akapitisha kiganja juu ya kazi. Akasimama kwenye ncha ya mbali.

"Na huu uvimbe?"

Ulikuwa wa duara, kati ya tabaka mbili, mdogo kama pete. Hapakuwa na tundu. Hapakuwa na alama ya kuungua.

"Mkunjo tu," akasema Zenaide.

"Nani alikusaidia? Mtu mmoja hanyooshi hivi."

Zenaide akamsaidia kulifunga turubai juu ya lori. Lori likaondoka, mvua ikaanza kulipiga turubai.

Zenaide akaenda kwenye msumari, akiogopa kuukuta mtupu. Pete ilikuwepo. Akashusha pumzi, akaivaa.

Ikapita kifundo bila kugusa, ikapwaya. Ndani yake palikuwa na udongo mwekundu, bado mbichi.