Sampu ya Gari la Marehemu

Jua lilikuwa linazama fundi alipoteremka katika shimo la gereji, chini ya gari, kukaza boliti ya mwisho. Wenzake walimbandika jina la Kausha, maana injini aliyoifunga yeye haidondoshi hata tone, na sifa hiyo ilikuwa imempanda kichwani. Juu yake lilikaa gari kuukuu la marehemu rafiki yake, fundi mwenziwe, aliyeliongezea oili kila Ijumaa kwa miaka kumi na mmoja na kukataa katakata lizibwe. Mjane alichoka kusugua oili iliyovuja kwenye sakafu ya ua, akalileta.

Kausha alikuwa ameosha injini kwa petroli, akabadilisha gasketi ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na sili ya nyuma, ili oili isivuje tena. Sasa alikaza boliti ile, akapangusa chuma kwa kitambaa cheupe. Kikavu.

Ndipo gari likashusha pumzi.

Alijiambia ni chuma kinapoa. Lakini injini haikuwashwa tangu asubuhi... Kisha magurudumu yakasogea nyuma, taratibu, mpaka tumbo la gari likaziba ngazi. Mbele palibaki mwanya usiopitisha kichwa. Alisukuma kwa mgongo mpaka macho yakamtoka. Akaita. Wenzake wote walikuwa wameshaondoka.

Alimpigia mjane.

"Shemeji, gari hili lina nini?"

"Umeziba kote?" alinong'ona mjane.

"Kote."

"Marehemu alisema humo mna kitu alichoachiwa na baba yake, na lazima kipate pa kutokea. Mimi nikajua ni uvivu wake tu."

"Shemeji, mimi niko chini yake."

"Basi fungua. Fungua sasa hivi."

Alishika spana kwa mikono miwili, akafungua boliti ya kumwagia oili.

Sampu ile hujaa lita nne. Zilitoka nne. Zikatoka kumi. Oili ilikuwa ya moto, ikinuka kama kuku aliyechinjwa muda huohuo, na ilimfika magotini, kiunoni, kifuani... Alijaribu kurudisha boliti, ikamponyoka. Aliogopa, tena aliogopa kama mtoto mdogo. Alimfikiria mkewe aliyekuwa akimngoja nyumbani. Ilipomgusa kidevu, alisema neno la kwanza lililomjia.

"Pitia popote unapotaka. Niache tu nitoke."

Ikakoma.

Gari likasogea mbele, polepole. Alipotazama chini, shimo lilikuwa kavu, na ovaroli yake haikuwa na doa. Alipanda ngazi kwa magoti na mikono, akaenda nyumbani bila kufunga mlango wa gereji.

Mkewe ndiye aliyeona kwanza. Mstari mweusi kama oili ulikuwa unateremka kutoka sikioni mwa mumewe, ukilowesha kola.

"Umeumia wapi, mume wangu? Tulia nikuwekee pamba."

Kausha alisikia pumzi. Safari hii haikutoka juu yake wala nyuma yake. Aliukamata mkono wa mkewe, akaubana.

"Usizibe," alinong'ona. "Nakuomba, mke wangu, usizibe."