Mita Iliyoachwa Wazi

"Umezima tena!"

"Nizime ili iweje? Barafu yenyewe ni ya—"

"Usinikate kauli! Kila mtambo ukizimika nakukuta umesimama pale pale. Kikulacho ki nguoni mwako!"

"Dada, hebu nisikilize—"

"Sisikilizi!"

Maji yalichuruzika hadi kizingitini. Barafu ya asubuhi ilikuwa imeyeyuka yote. Nje, wauza samaki waligonga ndoo zao tupu. "Kesho tunahamia kwingine," mmoja alisema kwa sauti. "Tunataka barafu, siyo maji ya kuoga!"

Kiwanda kile kidogo dada hao wawili waliachiwa na baba yao. Mkubwa aliitwa Mama Barafu. Mdogo walimwita Chiriku, kwa kuwa hanyamazi. Wateja walimpenda Chiriku. Mama yao alimpenda zaidi. Hata paka wa kiwandani alilala miguuni pake. Mama Barafu aliyaona yote hayo, na roho ikamuuma kama jino bovu.

Walipofungiwa mita mpya ya umeme, Chiriku alikuwa wa kwanza kuisoma kwenye simu. Mama Barafu akamjia juu fundi. "Mbona yeye anaona na mimi sioni? Nataka nione popote nilipo!" Fundi, ili apate kupumua, akaifungua mita kwenye intaneti. Nywila akaiacha ile ile iliyotoka nayo dukani.

Leo kelele zilimleta jirani, mwanamke ambaye kazi yake ni kulinda mitandao ya viwanda.

"Mita yenu inaweza kuzima mtambo ukizidi kula umeme, sivyo?" aliuliza. "Mnaniruhusu niijaribu?"

"Jaribu. Halafu umwambie huyu akome."

Jirani alitoka nje ya geti na simu yake. Mama Barafu hakumwondolea Chiriku macho. Mikono yote miwili aliiona, imekunjwa kifuani.

Ghafla mtambo ukanyamaza.

Mama Barafu hajafumbua mdomo, Chiriku kashafika kwenye swichi. Akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Mkono ulijua njia. Mtambo ukanguruma.

"Kumbe ulikuwa unauwasha! Mbona hukusema?"

"Ungesema najipendekeza kwa mama."

Mama Barafu alikiri moyoni. Kweli, angesema.

Jirani alirudi. "Kuna tovuti zinazoonyesha vifaa vilivyo wazi kwenye intaneti. Chenu kimo, na jina la kiwanda juu. Nimeweka nywila ya dukani, nikaingia. Mtu yeyote anaweza kuuzima mtambo hivyo, hata kwa kujifurahisha tu."

"Mtu gani huyo?"

"Wa popote. Hata hakujui."

Mama Barafu alitafuta wa kumwonea kijicho, akamkosa.

Kazi ikaanza. Jirani aliufunga ule mlango alioufungua fundi kwenye ruta, kisanduku cha intaneti, mita isionekane kutoka nje. Akabadilisha nywila, akaweka ndefu. Akaipa mita programu mpya kutoka kwa walioitengeneza. Akawawekea VPN, njia ya faragha, ili wakiwa mbali wapite humo tu. Kisha akatoka tena getini kujaribu. Ukurasa haukufunguka.

"Kila mtu na nywila yake," alisema. "Ila wa kuzima awe mmoja. Mwingine atazame tu."

"Wa kuzima ni mimi," Mama Barafu aliwahi. "Mkubwa ni mkubwa."

Chiriku alimnyanyua paka, akampisha dada yake.

Tangu hapo barafu ilishika, ngumu kama jiwe. Wauza samaki walibaki. Jirani alipopita kukagua, aliwakuta dada wote wawili mlangoni, paka miguuni pa Chiriku. Mama Barafu alikuwa amekunja uso.

"Mita inasumbua tena?"

"Mita haina neno. Huyu ndiye tatizo. Mtambo ukikoroma vibaya, anausikia kabla yangu. Halafu anakuja kuniomba niuzime, kwa adabu! Adabu yenyewe inanikera."

"Dada, mimi nime—"

"Usinikate kauli." Mama Barafu alimnyooshea jirani simu. "Nakuomba, uwezo wa kuzima mpe yeye. Mimi niachie kutazama. Ila na yeye anipe huyo paka."