Mlio wa Pistoni ya Tatu

Jioni ile nilikwenda gereji kumpa fundi jibu, na njia nzima jibu lenyewe lilikuwa halimezeki wala halitemeki.

Fundi alikuwa amelala chini ya lori langu, inaonekana miguu tu. Lori hilo watu walilipa jina la Kikohozi, na sikuwalaumu. Lilipanda mlima likikohoa, likashuka likikohoa, na moshi wake wa bluu ulifika sokoni kabla yangu.

"Umeamua?" aliuliza bila kutoka. "Tuifungue injini tuijenge upya, au tuitoe tuweke nyingine?"

"Ukiijenga upya, itabaki na mlio uleule?"

Akatoka. Akanitazama huku akijifuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono yenyewe.

"Mlio upi?"

"Ule wa kugonga. Ko... ko... ko."

"Huo si mlio, ndugu yangu. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Pistoni ya tatu imelegea, inacheza humo ndani."

"Basi tengeneza zote, hiyo moja iache."

Fundi alicheka mpaka akakalia tairi. Alisema kaombwa mengi tangu aanze kazi, ila hajawahi kuambiwa amtibu mgonjwa halafu amwachie ugonjwa wake. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesema kweli.

Lazima nieleze, la sivyo mtasema nimechanganyikiwa.

Mke wangu alilijua lori langu kwa mlio. Barabara yetu inapita malori kutwa nzima, na yeye hakuwa akiinua hata kichwa. Lakini mimi nikifika tu kwenye kona ya tangi la maji, ataacha alichoshika, atavaa ndara, atakuja kufungua geti. Nikizima injini, maji ya moto yako bafuni yananisubiri. Sikuwahi kumpigia honi. Honi hata mwizi anayo, alikuwa akisema, na mwizi hana pistoni yako.

Alifariki nikiwa safarini. Nilirudi nikakuta watu wamejaa uani.

Safari ya kwanza baada ya mazishi, nilikuwa narudi jioni, nimejiandaa kushuka kulifungua geti mwenyewe. Nikapita kona. Ko... ko... ko.

Geti lilikuwa wazi.

Nikajisemea nimesahau kulifunga. Safari iliyofuata nikalitia kufuli, ufunguo nikautia mfukoni. Niliporudi, kufuli lilikuwa linaning'inia, na bafuni maji yalikuwa yanatoa mvuke.

Niliogopa. Lakini nilioga. Mtu akishakaa peke yake kwa muda, hachagui sana wa kumpokea. Sikumwambia yeyote, hata shemeji yangu, maana angekuja na watu wa kumfukuza dada yake. Ilimradi jioni ikifika kuna anayenifungulia, nilitosheka.

Ndiyo maana jibu lilikuwa gumu. Injini ikijengwa upya, mlio umekwisha. Ikiwekwa nyingine, mlio umekwisha.

Fundi alipoona sitanii, akawasha injini. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye ubavu wa injini, mpini akaukandamiza sikioni. Mafundi husikiliza hivyo, kama daktari na kifua cha mtu. Alikuwa anatafuna kijiti. Akaacha kutafuna. Kisha akanipa bisibisi.

Ko... ko... ko...

Halafu, chini kabisa ya mlio...

Ndara.

Mtu anatembea na ndara kwenye sakafu ya saruji. Anakuja. Anasimama. Anavuta komeo.

Bisibisi ikaniponyoka.

"Umesikia nini?" fundi alinong'ona.

"Pistoni."

"Haya. Na mimi nimesikia pistoni." Akazima injini upesi, na tangu hapo hakunitazama usoni. "Nakwambia kama mdogo wangu, hii itoke. Itakukatikia mlimani na mzigo mgongoni, umfuate mwenzako. Sikio la kufa halisikii dawa."

Nikajipa moyo. Mwanamke hamjui mumewe kwa injini peke yake. Nimeishi naye ujana wangu wote. Atanijua kwa hatua zangu, atanijua kwa sauti. Nikamwambia fundi aweke nyingine.

Injini aliyoiweka ilitoka kwenye lori lililooza bodi, yenyewe nzima. Siwezi kuisingizia. Ilinguruma kwa upole kama paka aliyeshiba. Siku nilipoliendesha lori langu kurudi nyumbani, giza ndiyo kwanza linaingia, niliuchukia upole huo njia nzima.

Nikafika kwenye kona ya tangi la maji. Nikapunguza mwendo. Nikashusha kioo ili nisikie...

Geti lilikuwa limefungwa.

Nililia pale pale, mikono kwenye usukani, wala sioni aibu kusema. Kisha nikashuka, nikafungua kufuli, nikaliingiza lori mwenyewe, nikalirudishia geti. Nikasema basi, kaenda, na afadhali apumzike.

Ndipo nikasikia harufu. Sabuni yake, na mvuke wa maji ya moto. Taa ya sebuleni ikawaka.

Nikasukuma mlango. Ulikuwa umetiwa komeo kwa ndani.

"Nani?"

Sauti ilikuwa ndogo, nyuma tu ya ubao. Ilikuwa yake.

"Mimi."

"Wewe nani? Mwenyewe hajarudi."

"Mke wangu, ni mimi. Nimebadilisha injini tu."

Nikasikia ndara zikirudi nyuma, taratibu. Alikuwa anaogopa. Marehemu alikuwa ananiogopa mimi.

"Sauti huigwa," alisema. "Gari la mume wangu nalijua. Nenda zako, kaka. Mume wangu yuko njiani."

Aliniita kaka, kama unavyomwita mpita njia aliyekosea nyumba. Nikarudi nikapanda lori, nikajifungia ndani, nikakaa gizani nikiitazama taa ya nyumba yangu.

Ko...

Nikageuka kutazama geti.

Ko... ko... ko...

Ilikuwa inatoka kwenye kona ya tangi. Injini niliyoiacha gereji, inaning'inia kwenye mnyororo, haina oili, haina hata waya mmoja.

Geti likafunguka polepole. Hakuna lori lililoingia. Ila harufu ya oili iliyoungua ilipita mbele ya kioo changu, na changarawe zikasagika chini ya matairi nisiyoyaona. Mlango wa lori langu una tabia yake, usipoubamiza mara mbili haushiki. Nilisikia mlango ukibamizwa mara mbili. Mimi nilikuwa nimekaa, mlango wangu haukutikisika.

Ndara zikaja mbio.

"Pole na safari," mke wangu alisema, kwa ile sauti ya furaha.

Mtu akamjibu. Sikusikia alichosema. Kisha komeo, na taa ikazimika.

Kulipokucha nilikwenda gereji bila kunawa uso. Injini ilikuwa imeshushwa sakafuni. Nikamwambia fundi airudishe, ikohoe, itoe moshi, inikatikie mlimani ikitaka.

"Nairudishaje?" Akaigeuza kidogo kwa mtalimbo. Ubavuni palikuwa na tobo la kupitisha ngumi; mkono wa pistoni ya tatu ulikuwa umevunjika na kutokea nje. "Nimeikuta hivi asubuhi, na sijaigusa. Hii haiwaki tena, ndugu yangu."

Kisha akanishika kiganja, akakiweka juu ya chuma.

Chuma kilikuwa cha moto.

"Jana jioni ulikuwa nyumbani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilikuwepo."

"Ndani?"

Nikautoa mkono juu ya chuma. Naye akachukua turubai, akaifunika injini, akaenda kufanya kazi nyingine.

Siku hizi kazi ninayo, na lori halikohoi. Mchana nyumba ni yangu. Nafagia, napika, najilaza kwenye kitanda kilichopoa. Giza likianza kuingia natoka mwenyewe, nisisubiri kuambiwa. Nalala kwenye lori, nimeliegesha kando ya ukuta. Mlio unakuja, geti linafunguka, na mwenzangu anapewa pole ya safari nilizosafiri mimi.

Jana niliwasikia wakicheka. Kicheko cha mke wangu ningekijua hata sokoni. Na cha pili nakijua pia. Ni changu, kile nilichokuwa nacho kabla hajafa.