Sweta ya Kipa Nasser

Majirani zangu, sogeeni, maana haya sikuhadithiwa. Miaka ile ya utawala wa jeshi, mimi na Aber tulianika nguo kamba moja hapa Katwe, mjini Kampala, tukicheka asubuhi nzima. Mumewe, Odur, alikuwa kipa wa akiba wa timu ya kulipwa. Alikaa benchi mpaka dakika kumi za mwisho, ndipo aingizwe kulinda ushindi.

Timu ilikuwa na sweta moja tu ya kipa, ya kijani. Desturi yao, anayetoka humvika anayeingia kwa mikono yake. Baada ya mechi Aber huifua.

Kipa wa kwanza alikuwa Nasser, mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani, Old Kampala. Mpole kupita kiasi. Lakini Odur alizichoka dakika zake kumi. Jioni moja alimpelekea Nasser nusu kilo ya sukari, na sukari ilikuwa adimu, akamuuliza, "Kaka, wewe unalionaje jeshi?"

Nasser akacheka, akazungumzia mvua. Odur akaenda kwa askari mmoja akasema Nasser analitukana jeshi. Uongo mtupu! Jumatatu gari lisilo na namba likamchukua Nasser mazoezini, hakuonekana tena. Sweta ilibaki kwenye msumari. Odur akajivika mwenyewe.

Aber akaifua. Jua lilikuwa kali, shuka zangu zilikauka kabla ya adhuhuri, lakini sweta ilizidi kudondosha maji. Siku ya tatu niliikamua mimi. Wallahi niliogopa: ilikuwa na joto, kana kwamba mtu ameivua sasa hivi.

Aber alimkazia macho mumewe. "Nani alikuvika?"

Aber akambeba mtoto wao mgongoni, akarudi kwao Gulu, akaniachia mimi beseni na kazi ya kuifua sweta.

Msimu mzima Odur alidaka akiwa na sweta mbichi, akikohoa. Ndipo akaja kipa mpya wa akiba, Ochan, mwenye adabu zake. Jioni moja nilimwona akibisha mlangoni kwa Odur, mkononi ana pakiti ya sukari. Kuta zetu ni za mabati, nilisikia kila neno.

"Kaka, wewe unalionaje jeshi?"

Odur akaanza kulia.

Jumatatu gari lile lilikuja, likamchukua Odur. Nilipotoka uani, sweta kwenye kamba ilikuwa imekauka.

FUNZO

Ndugu zangu, ngoja zamu yako. Nafasi uliyoipata kwa kumchongea mwenzako, mwingine ataipata kwa kukuchongea wewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Na sisi tunaoona tukanyamaza tuna sehemu yetu. Mimi niliikamua sweta ile, nikaianika tena.